Nandenga Aingia Dukani

Mohamed Peera alikuwa amezoea wazee wa mpingo. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara huyu wa Dar es Salaam, mwenye asili ya Kihindi, alinunua vinyago kutoka kwa Wamakonde waliovuka mto Ruvuma wakitokea Msumbiji, na vinyago hivyo vilifanana: mzee na mkongojo wake, mama na mtungi kichwani, mkulima na jembe begani. Wachongaji wenyewe waliviita binadamu. Ndivyo mnunuzi wa Kizungu alivyovitaka, vyenye macho mawili na miguu miwili na uso wa upole, avipange juu ya kabati huko kwao bila kumshtua mgeni. Kisha, mwishoni mwa muongo huo, mchongaji mmoja aitwaye Samaki Likankoa akamletea kitu ambacho hakikuwa binadamu. Alikuwa amemchonga nandenga.

Peera angeweza kukataa. Biashara ya wazee na mitungi ilikuwa inakwenda vizuri, na hakuna mteja aliyekuwa ameulizia zimwi. Lakini alikinunua, akamtaka Samaki alete vingine. Katika masimulizi ya wachongaji kisa hiki kina matawi: wako wasemao gogo lilimvunjikia Samaki mkononi, binadamu wake akabaki nusu, naye badala ya kumtupa akamgeuza, akamtazama tena, akamtambua. Kwa vyovyote vile, miaka michache baadaye vijana wengi waliokuwa wakichonga pembeni mwa jiji walikuwa wameacha mitungi. Walichonga viumbe wenye jicho moja, wenye midomo inayofunguka hadi tumboni, wenye vidole vinavyoishia kuwa mizizi. Mtindo huo ukapata jina la shetani, na chini ya jina hilo ukatembea dunia.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Aliyelelewa kanisani au msikitini akisikia shetani anamfikiria Ibilisi, adui wa Mungu. Nandenga hana ukubwa huo. Ni kiumbe wa porini, aghalabu nusu mtu, mwenye mguu mmoja, anayeishi mahali ambapo njia ya miguu inakwisha. Mtu humkuta akienda kutafuta kuni au akirudi shambani jioni. Mmoja nandenga humtisha na kumpoteza njia, mwingine humfaidisha. Kabla ya padri kufika Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, na kabla ya Uislamu kupanda kutoka pwani, wazee wa uwanda ule walikuwa wameshaishi naye kama jirani mgumu asiyehamishika.

Tangu vinyago hivyo vianze kuuzwa Ulaya na Marekani, wasomi wamebishana juu ya Samaki na wenzake. Wengine wanaona sanaa ya kiroho, sauti ya mizimu iliyopenya kwenye mti. Wengine wanaona biashara mahiri: mgeni alitaka Afrika ya ajabu, naye mchongaji akamuuzia ajabu kwa bei ya ajabu. Mimi naona pande zote mbili zimeanzia mahali pabaya. Wanamtazama mchongaji na mnunuzi, wanausahau mti.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa kusini, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aitwaye Karl Weule alipanda hadi Newala, kisha Mahuta, kwenye uwanda wa Wamakonde upande ambao leo ni Tanzania. Alikuwa na kamera, kinasa sauti cha zama zile na maswali mengi, na heshima yake kwa watu aliowauliza ilipanda na kushuka. Lakini kitabu alichokitoa miaka miwili baadaye kina simulizi la asili ambalo Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wanalijua kwa namna zao. Hapo mwanzo kulikuwa na kiumbe aliyetoka porini peke yake. Hakuwahi kuoga wala kunyoa nywele, na alikula kidogo, akanywa kidogo. Siku moja akachukua kipande cha mti akachonga umbo la mtu, akalisimamisha wima. Usiku ule umbo likawa mwanamke. Wakashuka wote wawili mtoni Ruvuma, wakaoga. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda juu, kwenye vichaka vya uwandani, na huko wa tatu akaishi.

Simulizi hili watu hulitumia kueleza kwa nini Wamakonde wanakaa mahali pasipo maji, ambako wanawake wameteremka mabondeni na mitungi tangu enzi na enzi. Lakini tulisome kwa jicho la fundi. Yule wa kwanza hakuwa mtu bado alipochonga. Hana jina, hana mke, hajaoga. Ni kipande cha pori kinachotembea. Kazi ya mkono inatangulia, utu unafuata. Hakuna muumba aliye juu anayefinyanga udongo na kuupulizia uhai. Yupo kiumbe wa vichakani na kijiti chake tu. Anachonga kitu kimfanye yeye mwenyewe awe mtu. Nimesoma masimulizi mengi ya asili ya binadamu, na sikumbuki jingine linalompa mchongaji kiti cha mbele namna hiyo.

Kwa muda mrefu kazi ya mti ilibaki karibu na chanzo hicho. Vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago, vilichongwa nje ya kijiji, mahali pa siri porini ambapo mwanamke na mtoto hawakuruhusiwa kupakaribia. Mchezaji alipotoka na uso ule, wenye chale za nta, nywele halisi za binadamu na ndonya kwenye mdomo wa juu, watazamaji hawakupaswa kusema ni fulani amevaa kinyago. Aliyekuja alikuwa mfu aliyerudi kusalimia. Vinyago hivyo vilichongwa kwa miti myepesi, laini. Mpingo usingefaa. Nani angecheza usiku kucha na gogo la mpingo shingoni?

Hapa ndipo hadithi inapowachanganya wanaopenda mambo yaliyonyooka. Mti ambao leo dunia nzima inauona kama roho ya Kimakonde haukuwa mti wa mizimu. Umaarufu wake ulikuja na mnunuzi. Wareno waliuweka uwanda wa Mueda chini ya mamlaka yao mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wakafuata katika miaka ya 1920, na padri na bwana utawala wakaanza kuagiza sanamu za kupeleka kwao. Walitaka kitu kigumu, cheusi, kisicholiwa na wadudu, kinachong'aa. Mpingo una hayo yote. Fundi aliyekuwa akichonga nyuso za wafu kwa siri sasa alichonga Bikira Maria na askari kwa oda.

Wareno walileta pia kodi, kazi za shuruti na pamba ya lazima, na watu wakaanza kuvuka. Upande wa kaskazini wa Ruvuma kulikuwa na mashamba ya mkonge yaliyohitaji mikono, na Wamakonde wa Msumbiji wakawa miongoni mwa manamba waliokata mkonge huo. Wenyeji waliwaita Wamawia, na jina hilo halikuwa la heshima. Waliogopwa kwa chale zao na meno yaliyochongwa. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, na wimbi la wakimbizi likaongezeka. Miaka miwili baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam. Mwaka 1964 vita vikaanza huko Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wakati wa vita hivyo chama hicho kiliwapanga wachongaji katika maeneo kiliyoyakomboa, vinyago vikavushwa Ruvuma na kuuzwa Tanzania. Mapinduzi yalilipiwa kwa sehemu, basi, na tezo.

Nawaza juu ya mtu aliyekuwa manamba, mbali na uwanda wake, bila kaburi la mjomba karibu, bila ngoma yake, katika nchi inayomwita Mmawia. Pori alilozaliwa nalo limebaki ng'ambo. Lililoko karibu naye ni nyika ya watu wengine, na ndani yake mna mpingo. Nandenga naye hajui mpaka wa Mreno na Mwingereza. Kama kuna mahali pa kumkuta tena, ni ndani ya gogo.

Na gogo la mpingo si kitu cha kawaida. Mti huu hukua polepole mno; inaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kupasuliwa. Hukua kwa kujipindapinda, wenye mashina mengi, wenye miiba, mara nyingi na tundu au ufa katikati. Nje kuna tabaka la mti wa rangi ya maziwa yaliyochacha, ndani kiini cha zambarau nyeusi kizito kiasi cha kuzama majini. Moto wa nyika unapopita, miti mingine huungua na mpingo hubaki na kovu, kisha huendelea kukua kulizunguka kovu hilo. Fundi anapoupasua anakuta kumbukumbu ya moto ule ndani ya mti, pale hasa alipotaka kuweka pua.

Mchongaji wa binadamu alikuwa na ugomvi wa kudumu na tabia hiyo. Mzee wake anahitaji mgongo ulionyooka, mama anahitaji mabega yanayolingana. Gogo lililopinda halimfai, lenye tundu ndiyo kabisa. Alitafuta vipande vilivyonyooka, ambavyo ni vichache, akakata na kukata hadi mti ukubali. Sehemu kubwa ya mti ilibaki chini kama kuni.

Nandenga akaumaliza ugomvi huo. Kiumbe mwenye mguu mmoja haudhiki gogo likiwa na mguu mmoja. Tundu likawa kinywa, au tumbo la mama anayezaa, au dirisha ambalo mkono unapitia kumshika mwingine shingo. Ufa ukawa mpaka kati ya mashetani wawili wanaong'ang'aniana. Tabaka jeupe, ambalo mchongaji wa binadamu alilichonga lote likaisha, liliachwa mahali fulani likawa jino au jicho au ukingo wa mwili unaowaka upande mmoja. Kovu la moto likapata kazi. Hata mzizi, uliokuwa umeachwa ardhini, ulichimbuliwa.

Ukimuuliza mchongaji wa mtindo huu anachonga nini, kabla hajaanza, mara nyingi hakwambii. Anazungusha gogo. Analilaza, analisimamisha kichwa chini. Hachori mstari wala hatengenezi mfano wa udongo. Anakaa chini, gogo limebanwa kwa nyayo za miguu, na tezo inaanza kutoa vipande vikubwa. Baadaye ni patasi na nyundo ya mti, baadaye tupa, mwisho msasa na kiwi au nta. Kosa halirekebishiki: hakuna gundi, hakuna kiungo, kinyago chote ni kipande kimoja. Katikati ya kazi mti hufunua jambo lisilotarajiwa, doa jeupe au uozo au mshipa uliogeuka, na mpango wote hubadilika. Wapo wanaosema shetani alikuwa humo tangu awali, wao wamemtoa tu. Wapo wanaosema wamemwota. Na wapo wanaocheka na kusema ni kichwa chao tu kinachofikiri. Wote hawa watatu wanafanya kazi ileile kwa mwendo uleule, na mkono wa kila mmoja unasimama palepale mti unapokataa.

Kwangu mimi uhusiano wao na maumbile uko hapo, kwenye mapatano hayo ya mkono na mti, hata kama fundi hatambiki na hata kama mteja wake ni mtalii mwenye haraka. Soko ndilo lililoleta mpingo, na soko hilohilo lilimruhusu nandenga aingie dukani. Lakini nandenga alipoingia, mti ulipata kauli ambayo mzee na mkongojo hawakuwahi kuupa.

Jambo hilo halikuishia kwa mashetani. Roberto Yakobo Sangwani, naye mhamiaji kutoka Msumbiji, alileta mtindo ulioitwa dimoongo, nguvu: kundi la watu waliopandana, wakimbeba juu bingwa wa mieleka. Shina zima la mti linakuwa watu, wamepandana kutoka chini hadi juu, kila mmoja akimshikilia mwenzake kwa mguu au bega. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kila aliyeuza vinyago alijua la kufanya na nguzo ya watu wanaobebana. Iliitwa ujamaa, bingwa wa mieleka akageuzwa babu wa ukoo au kiongozi wa taifa, na nguzo hizo zikapelekwa kama zawadi za serikali. Sina kinyongo na jina hilo, ila naona nguzo nyingi za baadaye zimechongwa kwa mazoea, watu wote sura moja, gogo limechaguliwa kwa unyoofu wake. Clementi Ngala alikwenda upande mwingine kabisa na mtindo wa mawingu, ambapo mwili unayeyuka na kubaki mkunjo na uwazi, na ukitazama vizuri unaona nyuzi za mti ndizo zilizoongoza patasi. John Fundi, mzaliwa wa uwanda wa Mueda, alibaki na mashetani, na kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre.

Wa kumwangalia kwa makini zaidi, nadhani, ni George Lilanga, kwa sababu yeye aliondoka kwenye mti. Alizaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi, akajifunza kuchonga utotoni kwa mizizi ya muhogo, ambayo ni laini na ya bure, kisha akahamia kwenye miti migumu. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alipofika Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ndugu yake Augustino Malaba, mchongaji mashuhuri, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa Kimarekani Jean Pruitt. Kazi hiyo ilikuwa ya ulinzi. Mlinzi akaanza kuchora. Mashetani yake yakahamia kwenye batiki, kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye vibao vilivyopakwa rangi za mafuta, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington.

Mashetani ya Lilanga yana masikio makubwa na vidole viwili vitatu, yanakunywa pombe, yanagombana, yanakwenda hospitali, yanapanga foleni. Yanachekesha. Ni majirani wa mtaani, na hilo linaafikiana na nandenga wa zamani kuliko picha za kutisha wanazopenda wauzaji. Hata hivyo kitu kimoja kilipotea katika uhamisho huo. Kibao bapa hakimkatalii mchoraji. Hakina ufa wala kovu, kinapokea chochote. Ndiyo maana mashetani ya Lilanga yaliyochorwa yanarudiarudia umbo moja la mviringo kwa raha kubwa, ilhali yale ya mpingo, hata ya fundi wa kawaida, hayafanani. Mwishoni mwa maisha yake, kisukari kikiwa kimemla miguu, wasaidizi wengi walifanya kazi chini ya jina lake. Alifariki mwaka 2005.

Mti wenyewe umekuwa habari ya wahifadhi. Wachongaji si watumiaji wake pekee, wala si wenye fedha nyingi zaidi: mpingo ndio unaotengenezewa klarineti, obo na zumari za mifuko za Uskoti, na viwanda vya Ulaya vinataka kipande kilichonyooka kisicho na dosari. Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, alijitwika kazi ya kuupanda tena mti huu, na mwaka 1996 yeye na fundi wa mbao kutoka Texas, James Harris, wakaanzisha mradi wa uhifadhi wake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji viwili vya Kilwa, Kikole na Kisangi, ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi endelevu, ya kwanza kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii barani Afrika. Kijiji kikaanza kupata malipo ya maana kwa gogo ambalo zamani liliondoka karibu bure. Tangu 2017 mpingo na ndugu zake wamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa kwa kawaida inahitaji vibali.

Kwa mchongaji wa Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, habari hizi zote zina maana ya bei. Hachagui tena porini. Gogo humfikia kwa lori, likiwa limeshakatwa na mtu asiyejua atachonga nini. Vipande vimekuwa vidogo, na anayeshindwa kununua huchonga mti mweupe na kuupaka kiwi nyeusi, mtalii asijue. Kinachobaki baada ya mbao nyoofu kwenda viwandani ni vijiti vilivyopinda, matawi na mizizi yenye tundu. Kwa mwenye oda ya wazee na mikongojo huo ni mkosi. Anayechonga shetani huvigeuza kimoja kimoja mkononi, akabagua, akalipia alivyovitaka, vingine akamrudishia mwenye lori.